Bi Mpaka Achoma Msitu Wake

Kwa miaka ishirini na tisa Lavinia Tolliver alichora mipaka ya mashamba ya watu katika ofisi ya ramani ya kaunti yetu, huku Georgia kusini, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyethubutu kusogeza uzio hata kwa upana wa kiatu. Ulikuwa ukikutana naye dukani, kabla hujamjulia hali, tayari amekwambia kwamba ghala lako limeingia futi nne kwa jirani. Ndiyo maana tulimwita Bi Mpaka. Alilijua jina hilo na wala halikumuudhi. "Afadhali Bi Mpaka kuliko Bi Hewala," alisema.

Mimi ni ndugu yake, mama zetu ni mtu na dada yake, na haya nayasimulia kwa kuwa karibu kila hatua nilikuwa nyuma yake nimebeba kitu: mkoba, chupa ya maji, au lawama.

Vinnie, maana ndivyo tulivyomwita nyumbani, hakuwahi kuwasha moto. Nyama uani aliichoma marehemu mumewe. Jiko lake lilikuwa la umeme. Hata mishumaa ya keki aliomba mtu mwingine aiwashe, yeye akisimama hatua tatu nyuma. Basi Jumapili moja, mwaka mmoja baada ya kustaafu, aliposimama kanisani kwetu Mlima Pisga, wakati wa matangazo, akasema anataka kuichoma misonobari ya baba yake, ekari sabini, na anaomba majirani wamsaidie, nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Jamani, dada wa watu amepatwa na nini?"

Si kwamba kuchoma msitu ni ajabu kwetu. Misonobari yetu ina gome nene na inautaka moto. Kila miaka miwili mitatu unaupitisha chini kwa chini, moto mfupi wa magotini, unakula majani makavu na vichaka, na miti mikubwa inabaki imesimama kama vile haikuona kitu. Baba yake Vinnie, mzee Lucious, alichoma kila Februari. Wavulana walikwenda naye. Vinnie aliachwa jikoni, pua imebanwa kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu alikuwa msichana. Mzee akafa, kaka zake wakahamia Detroit na Cleveland, na kwa miaka thelathini na mmoja shamba lile halikuonja hata cheche. Vichaka vilifika kifuani. Ukidondosha kofia humo, hesabu umeitoa sadaka.

Aliyecheka kwa sauti siku ile alikuwa Shemasi Ferrell Sconyers, jirani yake wa upande wa magharibi, mzee wa miaka sabini na minane. Huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa moto wa eneo zima. Hakuwa na chombo. Alilowesha kidole, akanusa hewa kama mbwa wa mawindo, akakuna sikio, kisha akasema "leo" au "kesho". Katika miaka sitini alikuwa ameunguza kitu kimoja tu kisichokusudiwa, nacho kilikuwa choo cha nje cha shemeji yake, na kwa bahati hakukuwa na mtu ndani.

Alimsubiri Vinnie kwenye ngazi za kanisa.

"Binti Lucious, utachoma kwa kutumia nini? Rula?"

"Nimehudhuria mafunzo ya ofisi ya misitu, Shemasi. Siku tatu. Nina cheti."

"Cheti! Moto ukifika mlangoni utakuomba cheti?"

"Na ninachora ramani. Kila kitu kitakuwa kwenye ramani."

"Moto hausomi ramani, mwanangu."

"Hata wewe husomi, Shemasi, na sijasikia ukipotea njia ya kwenda kwenye chakula."

Watu waliangua kicheko, na mkewe, Bi Eulene, akacheka kuliko wote. Shemasi akavaa kofia yake. "Haya," akasema. "Ukishachora, niite nije nione. Sijacheka vya kutosha mwaka huu."

Vinnie akaanza kazi Novemba, majani ya mialoni yalipokuwa yamepukutika na macho yanaweza kupenya. Alikuwa na picha ya shamba iliyopigwa kutoka angani, simu yake ya kuonyesha mahali, dira, na utepe wa kupimia wa futi mia. Mimi nilikuwa mwisho wa utepe. Tulipita kila mahali, na pale pasipopitika tulipita kwa magoti. Nilichanwa na miiba mahali ambapo sitapataja.

"Lettie, umesimama wapi?"

"Nimesimama kwenye miiba!"

"Sikuulizi juu ya nini. Nakuuliza wapi!"

Usiku wangu wa kwanza baada ya kazi ile nililala na viatu. Lakini kila asubuhi alinigongea mlango, kavaa koti la marehemu mumewe, mikono imekunjwa mara tatu, na macho yake yalikuwa yanameta. Sikuwa nimemwona hivyo tangu mazishi ya mumewe. Kwa hiyo nilikwenda.

Aliuchora msitu kwenye karatasi kubwa, kisha juu yake akalaza karatasi nyembamba za kupenya mwanga, moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa ya maji: kijito upande wa kusini, na bwawa la matope ambamo moto ungekufa wenyewe. Moja ilikuwa ya chakula cha moto: hapa nyasi, hapa majani makavu ya msonobari, hapa vichaka vyenye mafuta ambavyo vikishika vinaunguruma. Moja ilikuwa ya mashimo ya kobe, maana kobe wetu huchimba na kujificha chini moto ukipita, na Vinnie alitaka kuhakikisha trekta halifukii mlango wa mtu.

Karatasi niliyoipenda mimi ni ile aliyoiita "karatasi ya wanaokohoa". Humo alitia kila pua iliyo ndani ya maili mbili. Barabara kuu ya lami kaskazini, ambako moshi ungewapofusha madereva. Kanisa upande wa mashariki. Mabanda ya kuku. Bibi mwenye pumu. Kamba za kuanikia nguo, na siku ambayo kila mama anafua.

"Hiyo ya kufua umeijuaje?" nilimuuliza.

"Miaka ishirini na tisa, Lettie. Watu walidhani naangalia nyua zao peke yake."

Alipozilaza karatasi zote pamoja juu ya taa, jibu lilijitokeza lenyewe. Kaskazini haifai, ni barabara. Mashariki haifai, ni kanisa. Moshi ungeweza kwenda kusini-magharibi tu, juu ya kijito na mabwawa yasiyo na mtu. Basi upepo ulitakiwa utoke kaskazini-mashariki, nao kwetu huja siku moja au mbili baada ya baridi kali kupita. Moto ungewashwa kwanza kule mwisho upepo unakoelekea, ili urudi nyuma taratibu ukipingana na upepo, badala ya kupanda mgongo wake na kukimbia. Katikati ya shamba ilipita njia ya zamani ya mkokoteni. Vinnie akaikoleza kwa wino mwekundu, shamba likawa vipande viwili: magharibi na mashariki.

Jumapili ya mwisho ya Januari akaibandika ramani kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, baada ya ibada, kambare wakiwa wanakaangwa na sukumawiki iko mezani. Alitaka kila jirani aione na aseme kama kuna kosa.

Hakuna mtu aliyesoma habari za upepo. Kila mmoja alitafuta nyumba yake.

"Mbona nyumba yangu ndogo hivyo?"

"Ni ndogo, Thelma."

"Huyu ni mbwa wetu? Vinnie, umemchora mpaka mbwa?"

"Ni tangi la gesi."

Shemasi Sconyers alisimama mbali, sahani mkononi, akitafuna kama mtu aliyekuja kwa ajili ya samaki tu. Ila Bi Eulene alisogea na miwani yake, akaanzia jikoni kwake, akateremka na kidole kupita bustani, kupita uzio, mpaka kwenye vichaka vya upande wa Vinnie. Kidole kikasimama.

"Vinnie, hiki kisanduku ni nini?"

"Ni kibanda. Kina paa la bati. Nilikiona kwenye picha ya angani, halafu tukakifuata. Kimeingia yadi kumi na moja kwenye shamba langu." Akasema hivyo hivyo, kwa sauti ya ofisini. Nadhani ni hapo tu alipowaza kwamba kibanda lazima kina mwenyewe.

"Ndani kuna nini?"

Nilijaribu kumkanyaga Vinnie mguu, nikachelewa.

"Kiti cha kuegemea, redio, na katoni ya ngozi za nguruwe za kukaanga."

Bi Eulene akavua miwani, akageuka kumtafuta mumewe. Kwa miaka tisa Shemasi Sconyers alikuwa akiondoka nyumbani kila alasiri "kukagua uzio". Na kwa miaka sita daktari alikuwa amempiga marufuku ngozi ya nguruwe kwa sababu ya moyo wake.

"Ferrell Sconyers," alisema Bi Eulene, na mwanamke wa kwetu akikuita kwa majina yote mawili, tafuta mlango. "Huo uzio umeukagua vizuri."

"Eulene, ngoja nikueleze..."

"Redio yangu iliyopotea je, nayo ilikwenda kukagua?"

Watu walicheka mpaka Mchungaji akalazimika kukaa chini. Shemasi hakucheka. Aliweka sahani, akamtazama Vinnie kwa macho ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni, akasema, "Trekta langu lisahau, tafuta kwingine. Na tangi la maji tafuta kwingine." Akatoka.

Vinnie alirudi nyumbani ameshika ramani yake kifuani. Hakula. "Sikutaka kumwaibisha," alirudia mara tatu. "Nilichora kilichopo tu. Kibanda kipo kwenye vichaka vikavu, Lettie. Nisingekichora kingeungua."

"Ungemwambia pembeni."

"Sikujua ni chake!"

"Vinnie, mzee ana njia aliyoikanyaga kutoka uani kwake mpaka kwenye kile kiti. Hata hiyo njia umeichora!"

Akaniangalia. "Niliona ni njia ya kulungu," alisema kwa unyonge, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikalia. Kisha na yeye akacheka, lakini hakucheka kwa muda mrefu. Bila trekta la kulima kinga ya moto, yaani ule ukanda wa udongo mtupu unaozunguka shamba, hakuna ambaye angempa kibali.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Shemasi na mkate wa mahindi. Mlango haukufunguliwa. Akaenda tena Alhamisi. Bi Eulene akamfungulia, akapokea mkate, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani, "Hana hasira na wewe. Ana hasira na picha ya angani." Kisha akaongeza chini chini, "Nilijua anakwenda mahali. Ananikera akishinda ndani. Ila redio nimeichukua."

Wiki ya pili ya Februari baridi kali ilipita, barafu ikaganda kwenye ndoo za mbwa, na utabiri ukasema Jumatano upepo utatoka kaskazini-mashariki tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ndiyo siku yenyewe. Watu watatu wa chama cha wachomaji kutoka kaunti ya jirani walikubali kuja na vifaa vyao. Kinga ya moto tu ndiyo haikuwapo. Jumanne asubuhi Vinnie alikuwa amesimama kwenye mpaka wa magharibi na jembe la mkono, analima yadi baada ya yadi, na mimi nafuata na reki nikihesabu kwamba kwa mwendo ule tungemaliza mwezi wa Juni.

Tukasikia trekta.

Shemasi alikuja polepole, haro ya kuchimbua udongo nyuma, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Akazima injini. Hakutusalimu.

"Ile ramani," alisema akiuangalia msonobari. "Ulikizungushia kibanda mduara. Mduara wa nini?"

"Wa kulima. Futi kumi na mbili pande zote, moto usikifikie."

"Ulikuwa umeuchora tangu siku ile?"

"Tangu Desemba, Shemasi. Kabla sijajua ni cha nani."

Akakuna sikio. "Futi kumi na mbili hazitoshi kwa vichaka vile. Ishirini." Akawasha injini. Kufika jioni, shamba zima lilikuwa limezungukwa na udongo mtupu, na kibanda kilikuwa na kinga pana kuliko kanisa.

Jumatano saa tatu asubuhi Vinnie alipiga simu ofisi ya misitu, akapewa kibali cha siku. Tulikuwa watu saba kwa kumhesabu Bi Eulene, aliyekaa kwenye pikapu yenye tangi la maji akasema yeye ni zimamoto na asisumbuliwe. Vinnie akagawa ramani ndogo kwa kila mtu. Shemasi aliikunja yake akaitia mfukoni bila kuitazama.

Kisha Vinnie akakabidhiwa kopo la kuwashia: chombo cha bati chenye mdomo mrefu na utambi, ukikiinamisha kinadondosha mafuta yanayowaka. Vinnie akalishika kwa mikono miwili. Akasimama pale kwenye kona ya kusini-magharibi, miguu imekita, hasogei.

"Binti Lucious," Shemasi akamwambia, na safari hii hakuwa anatania. "Baba yako naye alikuwa anaogopa. Kila mwaka. Mimi nilimwona. Asiyeuogopa moto simpi hata kiberiti."

Vinnie akainamisha kopo. Tone la kwanza lilianguka kwenye nyasi, likasema "fuu", na mstari mdogo wa moto ukatambaa kuelekea upepo kama paka anayekwenda asikotaka. Vinnie akapiga ukelele. Halafu akatembea. Akatembea na kudondosha, akatembea na kudondosha, na nilipomwona usoni alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Alisema ni moshi. Moshi ulikuwa upande wa pili.

Kila kitu kilikwenda kama kwenye karatasi. Moto ulifika kwenye matope ukafa. Ulifika kwenye mduara wa kibanda ukaulamba udongo, ukaghairi. Kufika saa sita mchana sehemu kubwa ya kipande cha magharibi ilikuwa nyeusi, na watu wa kaunti ya jirani walikuwa wanajiandaa kuwasha kipande cha mashariki. Hapo Shemasi akasimama katikati ya njia ya mkokoteni, akainua pua.

"Usiwashe huko," alisema.

Vinnie akatoa simu. "Utabiri unasema upepo hautageuka mpaka saa kumi na moja."

"Utageuka saa nane. Kabla ya saa nane."

"Umejuaje?"

"Sijui nimejuaje! Nasikia harufu ya banda langu la nguruwe. Sipaswi kuisikia hapa."

Vinnie akatandaza ramani kwenye boneti ya pikapu. Sikumwona akiangalia simu tena. Alitafuta banda la nguruwe: lilikuwa magharibi. Akaweka kidole juu yake, akakivuta mpaka pale tulipokuwa tumesimama, kisha akakiendeleza mpaka mwisho wa mstari. Mwisho wa mstari lilikuwa kanisa. Wenzetu wa kaunti ya jirani walikuwa wanasubiri. Alikuwa amengoja siku hii tangu Novemba, kama si tangu utoto.

"Mashariki hatuwashi," akasema. "Nusu inatosha. Choma ukingo wa njia hii, upande wa magharibi, sasa hivi. Moto uliobaki upande huu ukikimbia na upepo, ukute pameshaliwa."

Tulifanya haraka, Shemasi mbele na Vinnie nyuma yake, na mimi na reki yangu nikipiga kila kilichoruka. Saa nane kasorobo upepo ulisita. Majani yakatulia. Kisha ukaja kutoka magharibi kwa pumzi moja ndefu, na moto uliokuwa unatambaa ukainuka ukaja mbio kuelekea kwetu, urefu wa mtu. Bi Eulene akafungua maji kabla hajaambiwa, akamlowesha mumewe kuanzia kofia hadi soksi. Moto ukafika kwenye ukanda tuliouchoma, ukakosa cha kula, ukaketi.

Moshi haukuketi. Ulivuka kipande cha mashariki ukaingia moja kwa moja kwenye madirisha ya kanisa, ambako kwaya ilikuwa inafanya mazoezi na majoho meupe ya Pasaka yalikuwa yametundikwa yapate hewa. Wanakwaya walitoka nje wakikohoa kwa sauti nne. Thelma wa sauti ya kwanza alivuka uwanja, joho mkononi.

"Vinnie Tolliver! Kwenye karatasi yako ya wanaokohoa mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, dada. Ila uliandikwa kwa siku za Alhamisi!"

"Tumehamishia Jumatano!"

"Mngeniambia!"

Pasaka ile kwaya yetu iliimba ikinukia kama nyama ya kuchoma, na watu wengi walikiri kwamba katikati ya ibada walishikwa na njaa.

Wiki tatu baada ya moto nilikwenda na Vinnie kuliangalia shamba. Nyasi zilikuwa zimechipua kijani mbichi juu ya weusi, na kwa mara ya kwanza tuliweza kuona kutoka njiani mpaka kijitoni. Kulikuwa na kisima cha matofali ambacho hatukukiona tulipopita kwa magoti, na safu ya mawe ya ngazi isiyokwenda popote. Vinnie akakaa juu ya jiwe moja. Akaniambia hapo ndipo nyumba ya bibi yake ilipokuwa, na kwamba alikuwa anaitafuta kwenye karatasi za ofisi kwa miaka yote ile, akidhani iko ng'ambo ya kijito. Kware waliita kwenye nyasi, tukawahesabu mpaka tukachoka. Kisha akatoa penseli, akaandika kisima, akaandika ngazi.

Kipande cha mashariki tulikichoma Februari iliyofuata, baada ya kumuuliza Thelma ratiba ya kwaya mara mbili. Siku hizi majirani kumi na wanne wana ramani zake, na Vinnie ana kopo lake mwenyewe la kuwashia, jekundu, analitundika jikoni palipokuwa na sufuria. Shemasi Sconyers bado anasema moto hausomi. Lakini kabla ya kila uchomaji anakuja asubuhi na mapema, anavuta kiti, na wawili hao wanabishana juu ya meza, yeye ananusa, Vinnie anapima, mpaka uji wa mahindi unapoa na mimi naambiwa niupashe tena.